Kabati la mninga, lifti na futi kamba

Nilipohama kutoka nyumba ya chini ya Kinondoni kwenda ghorofa ya 7 huko Upanga, kazi iliyonisumbua kuliko kufungasha vyombo ilikuwa kuamua namna ya kupandisha samani kwa lifti. Wengi wetu huanza na swali la uzito. Kibao kilichobandikwa ndani ya lifti ile kinasema kilo 630, watu 8, na kwa mzigo wa nyumba ya kawaida kiwango hicho hakifikiwi kirahisi, kwani hata friji kubwa ya milango miwili, ikipanda pamoja na wabebaji wawili, haifiki nusu yake. Kinachokwamisha ni vipimo.

Siku mbili kabla ya kuhama nilikwenda na futi kamba. Mlango wa lifti ulikuwa na upana wa sentimita 80 na kimo cha 200. Ndani, chumba kilikuwa na upana wa 110, kina cha 140, na dari ilikuwa sentimita 220 kutoka sakafuni. Kabati langu la nguo, la mninga, lina kimo cha 210, upana wa 120 na kina cha 60. Mwenye haraka angeona kwamba 210 ni pungufu ya 220, akawaita vijana waanze kubeba. Lakini kabati la kimo hicho haliwezi kupita wima katika mlango wa 200. Ni lazima liinamishwe, na likishaingia linapoinuliwa, kipimo kinachokutana na dari si kimo chake bali ni mshazari. Na kwa kuwa upana wa 120 haupiti mlango wa 80, kabati lazima litangulize ubavu wake wa 60, hivyo linainama kwa upande wa 120. Kwa kanuni ile ya Pythagoras tuliyoikariri shuleni, mshazari wa 210 kwa 120 ni kama sentimita 242. Fundi alilifungua kabati vipande vipande siku iliyofuata. Rafu ya vitabu, ambayo nayo ina kimo cha 210 lakini kina chake ni 45 tu, ina mshazari wa kama 215, na kweli iliingia ikiwa imeinama, ikasimama ndani, ikabakiza nafasi ya vidole chini ya dari.

Msimamizi wa jengo alitutengea lifti kuanzia saa nne asubuhi, akaifungulia kwa ufunguo wake ili isiitikie vitufe vya ghorofa nyingine na mlango ubaki wazi hadi tutakapoubonyezea. Ombeni huduma hiyo mapema. Nimeona mahali pengine watu wakizuia mlango kwa boksi au kwa mguu wa kiti, na mlango unaojifunga na kugonga kila mara huishia kuharibika, gharama ikamrudia mpangaji. Kizingiti nacho kina ncha ya kunasa magurudumu ya kitoroli, hasa pale chumba kinaposhuka kidogo kwa kuelemewa na mzigo na sakafu mbili zikaacha kulingana. Tulitandika kipande cha ubao, na hapo hatukusumbuka tena.

Kosa langu lilikuwa kwenye sofa. Tuliisimamisha kwa ubavu, na kijana mmoja aliyekuwa akiivuta kutoka ndani akajikuta amebaki nyuma yake, amebanwa kati ya sofa na ukuta wa mwisho. Tukabonyeza, mlango ukajifunga, na kabla ya ghorofa ya 4 umeme ukakatika. Kutoka chini tulimsikia akiita, “Dada, niko huku nyuma, kitufe cha kengele sikifikii!” Jenereta iliwaka baada ya dakika chache na akatoka salama, ingawa jasho lilikuwa limemlowesha. Mwenzake alikuwa tayari ametafuta chuma cha kubandulia mlango, na namshukuru mlinzi, mzee mmoja mtulivu, aliyemkataza kwa ukali, kwa sababu chumba kikiwa kimesimama kati ya ghorofa mbili, anayetoka kwa kujipenyeza anaweza kutumbukia katika shimo lililo chini yake. Hewa haiishi ndani ya lifti. Mtu hukaa, hutulia, hungoja. Kuanzia hapo mzigo uliingia kwanza, na mtu mmoja tu akasimama upande wa mlango na vitufe.

Baadaye kijana yule alikiri kwamba gizani alikuwa akiwaza kamba tu, kwamba itakatika. Hofu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1854, mjini New York, Elisha Otis, mbunifu wa breki za usalama za lifti, alisimama juu ya jukwaa lililoning'inia mbele ya watu, akaamuru kamba ikatwe, na breki zake zikalinasa jukwaa lisianguke. Lifti za leo hubebwa na kamba za chuma zaidi ya moja, na bado zina breki za namna hiyo. Mimi naogopa zaidi milango, na mtu aliyebanwa mahali asipofikia kitu.

Kabati la nguo liliungwa upya kesho yake. Mlango wake mmoja bado unakwaruza chini, na fundi ameahidi kurudi Jumamosi.