Shina la Tango Lililorefuka Baada ya Kufa

Mwaka 2009, nikiwa katika mwaka wa mwisho wa masomo ya biolojia mjini Bukavu, nilipeleka vipande vinane vya mashina ya miche ya tango kwa mama mmoja wa soko la Kadutu aliyekuwa akiuza samaki wa barafu, nikamwomba anihifadhie katika friza yake. Aliifungua ile plastiki, akavitazama vile vishina vyeupe vilivyooteshwa gizani, kisha akaniuliza, “Mwanangu, hizi mboga utakula lini?”

“Si za kula, mama. Nataka zife kwa baridi, halafu nione kama zitarefuka.”

Hakucheka. Alisogeza mafungu ya samaki wa thomson na kuniachia pembe moja.

Jambo nililotaka kuliona kwa macho yangu lilikuwa limekwisha kuonyeshwa Marekani mwaka 1992, wakati wanabiolojia Simon McQueen-Mason na Daniel Cosgrove, wakitumia miche ya tango, walipotangaza protini ambazo baadaye zilipewa jina la ekspansini. Seli ya mmea huishi ndani ya ukuta wa nyuzi ngumu za selulosi zilizoshikamana na ziloglukani, yaani minyororo ya sukari inayozifunga pamoja, na kuzamishwa katika pektini iliyo kama ute mzito, na maji yaliyomo ndani yake huusukuma ukuta huo kwa nguvu inayoweza kuzidi mara mbili ile ya hewa iliyomo katika gurudumu la gari. Ukuta usipolegea, seli haikui. Ukilegea bila kiasi, seli itapasuka. Ekspansini haikati nyuzi. Hulegeza mahali zinaposhikana, nazo huteleza kidogo, na kazi hiyo huifanya vizuri pale tu seli inaposukuma nje protoni, yaani chembe ndogo zinazoleta uchachu, na kuufanya ukuta kuwa na uchachu. Nilikuwa nimesoma hayo mara nyingi, lakini kusoma kwamba ukuta wa seli iliyokufa unaweza bado kunyooka hakukunitosha.

Siku ya tatu nilichukua vipande vyangu. Kabla ya kuvigandisha nilikuwa nimevisugua polepole kwa unga laini wa tofali ili kukwaruza ngozi ya nje, kwa maana bila hivyo maji yenye uchachu hayapenyi. Viliponyeyuka vilikuwa laini kama kamba iliyoloweshwa. Kila kipande nilikishika kwa vibanio viwili: cha chini nilikibandika sakafuni mwa kikombe, na cha juu nilikifunga uzi uliopita juu ya kigurudumu na kuning'iniza chupa ndogo ya dawa, ambayo pamoja na maji yaliyomo ilikuwa na uzito wa gramu 20. Juu ya kigurudumu nilibandika kijiti cha ufagio chenye urefu mara 10 ya nusu kipenyo chake, ili mwendo usioonekana kwa jicho uonekane kwenye ncha. Dawa ya uchachu niliitengeneza kwa siki ya dukani, nikiongeza magadi ya unga kidogo kidogo mpaka karatasi ya kupimia ikaonyesha pH, yaani kipimo cha uchachu, kati ya 4 na 5.

Umeme ulikatika mapema jioni ile, nikaendelea kwa mshumaa. Shina likiwa katika maji yasiyo na uchachu, kijiti kilitulia. Nikayavuta maji yale kwa bomba la sindano, nikamimina ile siki iliyopunguzwa ukali, na kabla sijaweka bomba chini ncha ilikuwa imeanza kushuka. Baada ya saa mbili ilikuwa imeshuka milimita 15, yaani kipande cha sentimita moja kilikuwa kimerefuka milimita 1.5. Kipande kingine, nilichokichovya katika maji yanayochemka kwa sekunde chache kabla ya kukifunga, hakikusogea hata kidogo, kwa kuwa moto ulikuwa umeiharibu protini na kuacha nyuzi peke yake. Nakiri kwamba nililia. Chumbani hapakuwa na mtu wa kumwita.

Alfajiri nilikuta chupa sakafuni na shina limekatika katikati.

Nilirudi sokoni siku hiyo kumweleza yule mama, naye akaniuliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyekuwa ameniuliza: “Na lile lililo hai shambani, mbona linarefuka kila siku na halikatiki?”

Nilikaa kwenye benchi lake nikamjibu kadiri nilivyoweza. Ekspansini huwa imekwisha kutolewa nje na kukaa ndani ya ukuta wenyewe, ndiyo maana baridi iliyoua seli haikuizuia kufanya kazi. Wajenzi wa ukuta, kinyume chake, wanahitaji seli iliyo hai. Protini zinazofuma selulosi zimekaa katika utando wa seli, ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya ukuta, kwa mafungu sita sita yaliyojipanga kama petali za ua. Hupokea glukosi kutoka ndani, huiunganisha kuwa minyororo, na kuisukuma nje huku ua lenyewe likisogea mbele kama msukaji wa mkeka anayerudi nyuma kila anapoongeza ukili. Protini nyingine hukata mnyororo wa ziloglukani na papo hapo kuunganisha ncha yake na mnyororo mwingine, hivyo uzi mpya hushikana na wa zamani bila kuacha pengo. Barafu hupasua utando, glukosi humwagika, na ua husimama. Shina langu lilikuwa limelegezwa usiku kucha bila mtu wa kufuma nyuma yake, likawa jembamba mpaka likashindwa. Nikamweleza pia kwamba mwaka 1971 mtafiti Itaru Takebe na wenzake walianza na seli za tumbaku zilizovuliwa kuta zote, nazo zikajijengea kuta upya, zikagawanyika, na mwishowe zikawa mimea mizima.

“Basi umelipima lililokufa,” alisema, “lililo hai hujalipima.”

Alikuwa na haki. Jioni hiyo nilipanda mbegu nyingine 20 ndani ya boksi, na safari hii nilitia alama ya wino kwenye kila shina kila baada ya milimita 5, nikapima asubuhi na jioni, kwa siku saba. Alama zilizokuwa karibu na kilele ziliachana kuliko zote, zile za chini hazikusogea, na hakuna shina lililokatika.