Nilivyopima DDT kwenye minofu ya mkizi

Nilimchagua mkizi kwa sababu ya chakula chake. Hula matope ya midomo ya mito, na hapa Dar es Salaam matope hayo huletwa na Msimbazi, mto unaopita kwenye bustani za mchicha, gereji na viwanda kabla ya kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. DDT, sumu ya kuulia wadudu, na PCB, kemikali za viwandani, hazikai kwenye maji; hung'ang'ania tope na mafuta. Nikifika Feri, kwenye soko la samaki, swali langu la kwanza kwa mvuvi halikuwa bei bali alikotega. Mkizi wa Msimbazi na wa Bagamoyo wakishalala tenga moja, hakuna mashine ya kuwatenganisha.

Mfuko wa plastiki niliukataa, wauzaji wakacheka. Plastiki hutoa kemikali ambazo mashine yaweza kudhani ndiyo sumu unayoitafuta. Nilibeba foili iliyosuuzwa kwa heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, na barafu.

Maabarani nilitoa mnofu wa mgongo bila ngozi, nikautwanga pamoja na sodiamu salfeti kavu hadi ukamwagika kama mchanga. Hapo nikaongeza kipimo ninachokijua cha aina ya PCB ambayo karibu haipatikani kwenye mazingira, ili mwishoni nione ni kiasi gani kimepotea njiani. Kisha Soxhlet, chombo kinachokamua mafuta kwa kimiminika cha moto kinachozunguka, usiku kucha, huku nikiomba umeme usikatike. Mafuta yaliyotoka niliyapima kwenye mizani, sehemu nyingine nikaisafisha kwa asidi kali ya salfuriki. Asidi huunguza mafuta ikaacha DDT na PCB, lakini dieldrini, sumu nyingine ya wadudu, haisalimiki, hivyo hiyo niliipitisha peke yake kwenye Florisil, unga unaochuja uchafu.

Kilichonikosesha usingizi ni mashine ya kromatografia yenyewe, ile inayotenganisha kemikali na kuzipima. DDT ikikaa miaka kwenye mazingira hugeuka DDE na DDD, kwa hiyo uwiano wake hukuambia kama sumu ni ya zamani au kuna mtu bado anaipulizia. Shida ni kwamba kile kimrija cha kioo sindano inapoingilia, kikishachafuka kwa mafuta ya samaki, huivunja DDT papo hapo. Sumu ya juzi husomeka ya miaka mingi, jibu ambalo kila mtu angependa kulisikia, maana Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu sumu zisizooza, mwaka 2004 na DDT inaruhusiwa kwa wadudu waenezao magonjwa tu. Dawa yake: katikati ya sampuli nilidunga DDT safi. Ikivunjika zaidi ya asilimia 15, kimrija kinabadilishwa na sampuli zilizotangulia zinarudiwa. Kazi ya kuchosha, lakini mashine ilipokaa sawa na DDE ikaendelea kuongoza, niliamini kwamba DDE hiyo imetoka kwa samaki.

Kwenye kuandika majibu tulibishana. Msimamizi wangu alitaka kiasi kwa gramu ya mafuta, ndivyo samaki mnene anavyolinganishwa na mwembamba. Mimi nikaweka na safu ya pili, kwa gramu ya mnofu mbichi, kwa kuwa mama ntilie hauzi mafuta ya mkizi, anauza kipande. Tukakubaliana safu zote mbili zibaki, ya mnofu ikitangulia.