Kikapu Mkononi, Mababu Mdomoni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Kumbukumbu la Torati 26:1-11.

Sisi Wachaga wa Kilimanjaro mnatujua. Desemba ikifika mabasi ya Moshi yanajaa, na tukishakaa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kila ukoo unaanza kujisifu. Nami nimo. Mjomba wangu akishamaliza kata ya pili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, huwataja mababu mmoja mmoja, na hanyamazi mpaka aeleze kwa nini ng'ambo ya mto hakuoleki.

Je, Mkristo ajivunie asili yake? Katika somo letu, Mwisraeli anafika madhabahuni na kikapu cha malimbuko, na anaagizwa ataje alikotoka. Haambiwi anyamaze. Lakini sikia anavyoanza: "Baba yangu alikuwa Mwarami karibu na kupotea, akashuka Misri." Angeweza kuanza na Ibrahimu na mifugo yake, au Yusufu mkuu wa nchi kwa Farao. Anaanza na mzee wa kutangatanga, tena mwenye njaa. Mjomba asingeanzia hapo.

Nikajaribu kukiri hivyo na mimi. Babu zangu walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji. Bila saruji wala injinia, waliyaleta maji kutoka korongoni huko msituni mpaka kwenye migomba, na leo mfongo uleule unapita nyuma ya jiko la mama. Waliniachia isale pia, jani la kuombea msamaha: aliyekukosea akija na jani lile mkononi, humfukuzi, unamsikiliza hata kama moyo umekufura. Hawakuwa wamesikia habari za mwana mpotevu, lakini hilo walilijua.

Na ni watu wa mlima huohuo waliowafuata wamangi, yaani machifu wao, karne ya 19, kuvamia majirani. Ng'ombe walichukuliwa, na mateka wakauzwa kwa misafara ya pwani. Nikiutaja mfongo nikawaficha mateka, hapo sijakiri kitu. Nimepiga domo tu kama kawaida yetu.

(Wamisionari wengine walitufundisha kuvua kila cha nyumbani ndipo tubatizwe. Mchungaji Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, yeye aliziandika mila zetu kwa upendo mwingi. Namshukuru, ingawa naona alitamani tusibadilike kabisa, kama picha ya ukutani.)

Kinachonigusa zaidi ni mstari wa 11. Kikapu kikishawekwa chini, mwenye asili yake anaambiwa afurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yake. Yaani ukishamaliza kumtaja baba yako, geuka umtazame asiye wa ukoo wako, maana naye anakula.

Mwaka jana, siku ya mavuno, mama alitoa mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika. Baada ya ibada ukapigwa mnada pale nje. Mwalimu mmoja, Msukuma aliyehamia kwetu kikazi, akaununua, akalipa, akasema urudishwe uuzwe tena. Ukauzwa mara tatu. Mara ya mwisho aliyeshinda ni mjomba. Akaazima panga, akakata chane mbili kubwa, akamfuata mwalimu pale kwenye baiskeli yake. "Kawapikie watoto," akamwambia. "Wakizipenda, njoo nikupe na mche."