Paka wa kwenye simu alivyoniumbua

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu Ngamiani, mjini Tanga, na fundi mwenzangu yeyote atakwambia kazi hii nusu ni sindano, nusu ni visingizio. Ijumaa moja mama mmoja alikuja kuchukua gauni lake la kitenge, na gauni lenyewe lilikuwa halijakatwa hata mkono. Nilisikia hodi yake nikiwa ndani. Kitindamimba wangu, wa miaka mitano, alikuwa mlangoni na simu yangu. Nikamnong'oneza, "Mwambie mama hayupo, kaenda Mgandini kununua zipu." Mgandini ni soko letu.

Mtoto hajafungua mdomo, simu ikafungua wake. Sauti nyembamba kama ya mtu aliyebanwa pua ikapaza: "Mwambie mama hayupo, kaenda Mgandini kununua zipu!"

Alikuwa Talking Tom, yule paka wa kijivu. Kazi yake ni hiyo tu: unasema, anasikiliza, ukinyamaza anayarudia maneno yako kwa sauti ya kipanya. Mwenye gauni alicheka mpaka akakaa mkekani, kisha akanipa siku tatu. Paka nilimfuta jioni ileile. Sitaki shahidi ndani ya nyumba.

Kumbe kumfuta ni bure. Programu ile ilitoka mwaka 2010, kampuni yake ni Outfit7, iliyoanzia Slovenia, na paka alipopata jina wakamtungia vichekesho vya katuni, Talking Tom and Friends, vilivyoanza YouTube mwaka 2015 na kuendelea hadi 2021. Mwanangu alikuwa ameshavijua vyote. Paka akihama huku anatokea kule.

Bando lilinikera, lakini kilichonitia hofu ni ulimi wa mtoto. Akawa anaomba uji kwa sauti ya Tom, katikati anachomeka maneno ya Kiingereza yasiyo na kichwa wala miguu. Mama mkwe wangu, tunayekaa naye, akaniambia, "Mwanangu, huyu mjukuu wangu siku hizi namwelewa akilia tu." Nikaificha simu kabatini. Siku mbili za vilio, na wateja watatu walionipigia wasinipate. Nikaitoa.

Wazo lilinijia siku umeme umekatika. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukijazana kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, picha ni ya Kichina au ya Kihindi, na juu yake anasikika Lufufu, msimulizi wa picha, akitueleza kwa Kiswahili nani kamfanya nini nani. Hakuna aliyelalamika kwamba haelewi. Basi nikasema, leo Lufufu ni mimi. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la uzi, nikazima sauti, tukabanana wote mkekani.

Usiku wa kwanza niliaibika. Nilikuwa nimezisikiliza sentensi kwanza nikajaribu kuzigeuza moja moja, basi Tom ameshafunga mdomo mie bado naongea, na mzaha ukifika umeshapoa. Binti yangu mkubwa, ambaye Kiingereza cha shule kinamtosha kujidai, akawa ananikatiza: "Mama, hajasema hivyo." Mama mkwe akalala.

Baadaye nikajifunza namna. Kipindi kimoja ni kama dakika 11. Nakitazama peke yangu mchana huku natia vifungo, nashika kisa, maneno yao nayaacha hukohuko. Usiku nafuata mdomo na mikono tu. Mdomo ukifunguka mara tatu, natafuta neno la silabi tatu. Si rahisi! Lakini ni kama kukata kitambaa: ukishajua umbo, mkasi unakwenda wenyewe.

Na wale wanyama wakawa watu wa mtaani kwetu. Ben, yule mbwa mwenye akili za mitambo, akawa fundi simu wa barabara ya pili kutoka kwetu, anayekufungulia simu kisha anabakiwa na skrubu moja mkononi. Hank, mbwa mwenzake asiyebanduka mbele ya televisheni na vitafunio, nilimpa mihogo ya kukaanga na supu ya pweza. Ginger, kitoto cha paka kitundu, kila mtu alijua ni nani mle ndani, mwenyewe akajificha nyuma ya bibi yake. Tom na Ben wanahangaika kutengeneza programu za simu wapate pesa, na kuna mwenye nyumba anayedai kodi. Hapo sikutafsiri chochote. Paka anayekwepa kodi anaeleweka Ngamiani bila mkalimani.

Aliyenishangaza ni mama mkwe. Angela, yule paka mweupe, ni mwimbaji, na usiku mmoja alipopanda jukwaani mie nikababaika, sina wimbo. Mara nasikia nyuma yangu sauti ya taratibu, ya mtu aliyekua katika mji wa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu vya Tanga, inaimba taarabu. Angela anarukaruka kama kijana wa disko, bibi anaimba polepole na mafumbo yake, haviendani hata kidogo. Watoto walilia kwa kucheka. Tangu siku hiyo Angela ni wake, na ole wako umguse.

Binti nilimnyamazisha kwa kumpa Tom. Nikamwambia sauti ya Tom kule kwao ni ya Colin Hanks, mtoto wa Tom Hanks, mwigizaji mkubwa wa Marekani, kwa hiyo asiichezee. Akaichukulia kazi kwa uzito kuliko hesabu za shule.

Bando nalo likatulia, maana napakua vipindi viwili tu kwa wiki, usiku, bei ikiwa nafuu. Kipindi kilekile tunakirudia mara nne na kila mara maneno ni mengine. Mwanangu anaomba uji kwa sauti yake, ingawa sasa anauita "mchuzi wa Hank", sijui kautoa wapi. Simu bado anaililia, ila analilia saa mbili usiku, wakati wake.

Majirani wakaanza kuchungulia. Jumanne iliyopita aliyepiga hodi ni yule mama wa gauni la kitenge, ambaye safari hii alikuja kuliongezea ushanga. Nilikuwa nimemwahidi Jumatatu. Akakaribishwa mkekani, akakatiwa chungwa la Muheza, akauliza kama kuna sauti iliyobaki. Ilibaki ya mwenye nyumba.

Mlango wa kwenye simu ukafunguliwa, mwenye nyumba akaingia na mdomo wake wazi. Yule mama hakutazama kioo hata kidogo. Alinikazia macho mimi, akasema kwa sauti nzito, "Nimechoka na ahadi zako. Kesho saa nne nataka changu."

Tom akajibu, kwa sauti ya binti yangu, "Mama hayupo, kaenda Mgandini."