Upatu wetu unavyonunua sabuni za mwani kutoka Jambiani

Nimeshauriwa vibaya sana kuhusu kununua bidhaa za mafundi wadogo, na nimeona niandike ili mwenye nia kama yangu asipotezewe muda. Ushauri wenyewe huja wa aina mbili. Wa kwanza unasema kama unawaonea huruma hao mafundi wadogo, watumie hela tu, bidhaa zao achana nazo, utapigwa bei. Wa pili unasema nunua, ila kaza, anzia nusu ya bei aliyotaja, ndiyo biashara. Shemeji yangu, ambaye yuko Kariakoo miaka mingi na anajua bei ya kila kitu, alinipa ushauri wote huo kwa mkupuo mmoja. Ninamheshimu, lakini katika hili hayuko sahihi. Nyumba yangu na za majirani zangu hapa Tabata tunaoga sabuni ya mwani mwezi hadi mwezi, tunalipa bei kamili, hakuna aliyefilisika, na kina mama wanaoitengeneza wana oda ya uhakika ambayo zamani hawakuwa nayo.

Kwanza mwani wenyewe, mmea wa baharini, maana usipoujua hutaelewa bei. Kilimo cha mwani cha biashara Zanzibar kilianza mwaka 1989, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wanawake ndio walioushika. Maji yakitoka mbali wanaingia na vigingi na kamba, wanafunga vipande vya mbegu kimoja kimoja, wanangoja kama wiki sita, wanavuna, wanabeba, wanaanika. Mwani mkavu unasafirishwa nje, huko unatolewa ute unaotumika kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Mkulima anabaki na shilingi mia kadhaa kwa kilo. Aina yenye bei nzuri zaidi, kotonii, haivumilii maji yakipata joto, inaoza kambani, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Lakini mwani huohuo ukisagwa ukawa unga na kuchanganywa na mafuta ya nazi, kipande kimoja cha sabuni kinauzwa kwa bei ya kilo kadhaa za mwani mkavu. Ukilielewa hilo umeelewa kwa nini kina mama hawa wanahangaika na sabuni.

Mimi sabuni ya kwanza niliinunua duka moja la zawadi mjini Unguja. Karatasi nzuri, picha ya mama kabeba mwani kichwani, maandishi kwamba unanunua unasaidia wanawake wa kijijini. Nikamuuliza muuzaji, wa kijiji gani? Hakujua. Imetengenezwa lini? Hakujua. Bei ilikuwa kubwa kuliko hata niliyokuja kulipa baadaye kwa waliopika wenyewe. Sisemi alikuwa mwongo, ninasema tu kwamba asiyejua sabuni imetoka kijiji gani hawezi kukwambia ni kiasi gani kinarudi huko. Tangu hapo nina maswali yangu matatu na siyaonei haya: nani kaitengeneza, lini, kwa mafuta gani. Fundi wa kweli akiulizwa hivyo hachukii. Tena anafurahi, na atakueleza mpaka uchoke.

Mama mmoja wa Jambiani anayepika sabuni hizi alinieleza, tukiwa tumekaa ukumbini kwake. Lita moja ya mafuta ya nazi inakula nazi zaidi ya kumi. Kuna kostiki soda, kuna mafuta ya karafuu au mchaichai, kuna karatasi ya kufungia. Halafu sabuni ikishakatwa lazima ipumzike kama mwezi mzima kwenye rafu, ikauke na ukali wa soda uishe. Ikiuzwa mapema inachoma ngozi na inayeyuka upesi. Sasa huo mwezi mzima hela yake imelala kwenye rafu, na muuza mafuta hakopeshi. "Kupika si taabu, mwanangu," akaniambia. "Taabu hela ya mafuta."

Hapo ndipo nilipouona udhaifu wa ushauri wa shemeji. Ukimpunjia bei, unakata kwenye mafuta. Ukimpa sadaka, mwezi huu atashukuru, mwezi ujao atakuwa palepale. Anachohitaji ni mteja anayetanguliza arubuni, anayerudi, na anayeweza kusubiri sabuni ikomae. Mimi peke yangu ni mteja mdogo mno. Nyumba yangu inamaliza vipande vitatu vinne kwa mwezi, kwa hizo hakuna anayewasha moto. Walihitajika watu.

Nikawafungulia majirani kundi la WhatsApp. Picha nilipiga vizuri, maelezo yakawa mazuri, oda zikamiminika siku hiyohiyo: mimi mbili za karafuu, mimi tatu, mimi niwekee na za dada yangu. Kulipa sasa! "Nakutumia jioni, shoga." "Mshahara ukitoka." "Hivi ni shilingi ngapi vile?" Mmoja alituma nusu, mwingine akatuma akasahau ya makato, mwingine akaomba aione kwanza sabuni, ambayo bado haijapikwa. Wakati huo mama wa Jambiani ananiuliza kwa adabu kabisa kama mafuta anunue ama asubiri. Nilifunga oda ile kwa hela niliyoipata, ikawa ndogo kuliko alivyotegemea. Majirani zangu si watu wabaya na si masikini wa kushindwa sabuni. Ila hela ndogondogo ya kutuma kwa kitu kitakachokuja mwezi ujao, kila mtu anaiona inaweza kusubiri.

Dawa yake tulikuwa nayo siku zote hapahapa mtaani. Tuna upatu. Tuko kumi na wawili, kila mmoja anatoa 50,000 kwa mwezi, kijumbe anakusanya, anapokea mmoja. Katika upatu hakuna anayesema jioni. Kijumbe akigonga mlango hela ipo, maana kila mtu anajua aibu yake. Nikamfuata kijumbe, mama mtu mzima anayeheshimika, nikamweleza: anayepokea mwezi huu tumkate kidogo kwenye fungu lake, tununue sabuni za wote kumi na wawili, vipande viwili viwili. Mwezi ujao anakatwa mwingine. Mzunguko ukiisha kila mtu amewanunulia wenzake mara moja na amenunuliwa na kila mwenzake, hesabu iko sawa kabisa, na hakuna aliyetumiwa ujumbe wa kudaiwa.

Kijumbe alinyamaza akapiga hesabu. Kipande ni kama elfu nne ukiweka na usafiri, vipande 24, haifiki laki moja. Anayepokea 600,000 akikatwa hiyo bado ana hela ya maana mkononi, na siku ya kupokea ndiyo siku ambayo mtu haumii kutoa. Akasema, "Lete kikaoni." Nikalipeleka kikaoni, wakakubali, mmoja tu akataka kuhakikishiwa kwamba mwenye mzio wa karafuu atapata isiyo na harufu. Atapata, na anapata.

Na tazama ilivyokaa: sabuni inahitaji mwezi kukomaa, upatu wetu ni wa mwezi. Hela ya mwezi huu inanunua mafuta ya sabuni tutakayoichukua mwezi ujao. Kina mama wanapata malipo ya mara moja, mapema, kiasi kinachojulikana. Wanapika ya kwetu na juu yake wanaongeza ya kuwauzia wageni. Hili ninajivunia kusema kweli, na nimeshawaelekeza watu wa mtaa wa pili namna ya kulifanya kwenye upatu wao.

Kuna jingine ambalo mtu wa bara hulijui mpaka ukae pwani. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndipo kwenye bamvua, maji yanatoka mbali sana, na kina mama wote wako baharini kwenye mwani. Ukipiga simu siku hizo haipokelewi, na mtu asiyejua anaanza kusema hawa watu si waaminifu. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, baharini hakuna kazi kubwa, ndipo wanapopika sabuni na kukata. Kwa hiyo mimi ninatumia kalenda ya Kiislamu iliyoko ukutani. Kuanzia siku ya saba hadi ya kumi ya mwezi napiga simu na kutuma oda, au nikikosa, siku kama ya 22. Tangu nianze kufuata maji, simu inapokelewa, mazungumzo ni marefu, na hakuna anayeharakishwa. Kijumbe naye amesogeza tarehe ya kukusanya ili iangukie hapo.

Hela ninatuma kwa simu na ya kutolea juu. Hili ni dogo lakini linasahaulika: ukituma bei kamili bila ya kutolea, makato anayalipa fundi kutoka kwenye faida yake. Boksi linatoka kijijini kwa daladala mpaka mjini, linapanda boti, ninalipokea bandarini Dar. Waambie wafunge kwa magazeti, sio nailoni, sabuni inataka kupumua. Nyumbani iweke kwenye kisahani chenye matundu, isilale majini, utaona inadumu.

Baada ya sabuni, macho yalifunguka kwa vingine. Kikapu cha ukili cha kwenda nacho sokoni tunacho wote, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019, na ninapendelea kukinunua kwa anayesuka mwenyewe. Mwulize ukili umeshonwa kwa uzi gani, ukijibiwa upesi umefika kwa mwenyewe. Zawadi za kichen pati nilizihamishia Mabinti Centre, mradi wa hospitali ya CCBRT hapa Dar uliowafundisha wanawake waliotibiwa fistula kushona na kuchapa vitambaa. Mkoba wao ni mzuri kama mkoba, bibi harusi haupokei kwa huruma. Ndugu yangu alipokuwa Iringa aliniletea karatasi na kadi za Neema Crafts, kazi iliyoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, wanatengeneza karatasi hata kwa kinyesi cha tembo, na kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi, unaagiza kwa ishara. Ukipita Iringa ingia ule pale.

Michango ya hisani nayo tumeipanga kwa upatu. Anayepokea anatoa fungu dogo, yeye mwenyewe kiasi anachotaka, linawekwa kwa kijumbe. Kwanza nilidhani tutapeleka sabuni ya mwani kwenye kituo cha watoto kilicho jirani, hela moja isaidie pande mbili. Mama mlezi alinishukuru, kisha akaniambia waziwazi kwamba kwa watoto wengi vile anataka sabuni za mche za kufulia, gesi, na taulo za kike kwa wasichana wakubwa. Basi tunapeleka hizo. Kabla ya kuuliza mahitaji tulimwuliza afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kama kituo kina leseni, kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyotaka, akatujibu bila usumbufu wowote. Watu hupeleka soda na biskuti siku ya Idi na Krismasi, wanapiga picha na watoto, wanaondoka. Watoto wana nyuso na majina, na wana haki ya kula Jumanne ya kawaida bila kupigwa picha. Sisi tunakwenda mwezi wa katikati, ambapo hakuna mgeni.

Na mgonjwa anayechangiwa, kama yuko hospitali ya serikali, tunaomba namba ya malipo ya bili yake. Kila bili inayo. Tunakusanya, tunalipia moja kwa moja, risiti tunampa ndugu yake. Mwenye shida ya kweli huituma namba palepale, tena anashukuru kwamba hatashika hela ya watu mkononi. Aliyekuja mlangoni na picha iliyolaminetiwa, akaombwa namba hiyo akasema ataileta, kwetu hajarudi. Hela ile ile ikaenda kwa mtoto wa jirani aliyevunjika mguu.

Shemeji bado anasema tunapigwa bei. Mke wake, dada yangu, ameomba nafasi kwenye mzunguko ujao wa upatu. Nafasi ipo, mmoja wetu anahamia Dodoma. Atakayepokea mwezi huu ni jirani wa nyumba ya pili kutoka kwangu, na kwa kuwa oda hii itafika karibu na Ramadhani, kina mama wameomba tuwape jibu kabla ya bamvua: karafuu ngapi, mchaichai ngapi, na mbili zisizo na harufu.