Mount Gelai imenifunga mdomo

Jumamosi nilimpeleka binti yangu Makumbusho ya Reli, Nairobi. Nilidhani nusu saa itatosha. Wapi! Tulipofika kwa injini ya mvuke nambari 5918, Mount Gelai, akagoma kuondoka.

Dude hilo lina tani 250 hivi. Ni kati ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock kule Manchester, Uingereza, 1955 hadi 1956, injini za mvuke kubwa kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Boila imebebwa katikati, kati ya seti mbili za magurudumu, ya mbele na ya nyuma, kila moja ikijipinda kivyake. Ndiyo maana ziliweza kukata kona za njia ya Mombasa zikiwa na mzigo mzito. Tena zilichoma mafuta, si makaa. (Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu makaa. Samahanini.)

Gelai wenyewe ni mlima wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Enzi hizo reli ilikuwa moja Afrika Mashariki.

Kisha dizeli ikazistaafisha. SGR nayo, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, tangu 2017, inavutwa na injini za dizeli kutoka China.

Binti akauliza, "Baba, na sisi tutaunda yetu lini?"

Nikamnunulia soda.