Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa Tanga jijini Muscat

Saa kumi na nusu alfajiri naamka, wenzangu wa chumba, mmoja wa Kerala na mmoja wa Manila, bado wamelala. Tunaishi Ruwi, mtaa wa Muscat, hapa Oman. Tanga ni saa tisa na nusu tu, wako nyuma yetu kwa saa moja. Namwandikia mwanangu ujumbe wa kumtakia heri ya mtihani, ataukuta akiamka.

Saa kumi na mbili na nusu niko kitengo cha kusafisha damu. Mgonjwa wa figo hukaa kwenye mashine kama saa nne, mara tatu kwa wiki, kwa hiyo sura ni zile zile mwaka mzima. Unajua mishipa yao, unajua na wajukuu wao.

Saa moja tunapima uzito. Bibi mmoja ameongeza kilo tatu tangu juzi.

"Shikamoo bibi. Umekunywa nini?"

"Marahaba mwanangu. Kahawa tu."

"Na tende?"

Anacheka. Alizaliwa Unguja, akaletwa Oman akiwa msichana baada ya Mapinduzi ya 1964, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Maji anayokunywa hayana pa kutokea, yanabaki mwilini. Tende nazo zina potasiamu nyingi, na ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama. Hayo ameambiwa mara nyingi. Lakini nyumba ya Kiomani haikai bila kahawa na tende za wageni, na kumwambia aviondoe ni kumwambia afunge mlango. Tunakubaliana: wageni awakirimu kama kawaida, yeye aonje tende moja na kikombe kimoja, basi. Safari hii anataka kujua kwa nini, na ninamweleza taratibu huku mashine ikizunguka. Mshahara naushukuru, kwani rial 1 ni takriban dola 2.60, haukatwi kodi ya mapato, na ndio ulioezeka nyumba ya mama pale Pongwe. Ila mazungumzo kama haya ndiyo yanayonifanya niipende kazi yenyewe.

Saa sita mchana kaka anapiga simu. Shangazi amefariki, wanazika leo saa kumi. Shangazi aliyenilipia ada ya chuo cha uuguzi. Mwenzangu wa Kerala ananitazama usoni, hasemi neno, anachukua wagonjwa wangu mpaka nitulie. Baba yake naye alizikwa yeye akiwa zamu.

Saa tisa nakabidhi zamu. Saa kumi na moja, wakati Tanga wanamzika, mimi niko foleni kwenye duka la fedha Ruwi nikituma rambirambi. Pesa zinafika kwenye simu ya kaka kabla sijatoka dukani. Mimi ningehitaji ruhusa, tiketi na mtu wa kunishikia zamu. Hili linaniuma kuliko joto, kuliko upweke, kuliko chumba cha watu watatu.

Usiku mama analia kwenye simu, nami nalia naye. Mtoto anasema mtihani haukuwa mgumu.

Mkataba wangu unakaribia kwisha. Tangu 2021, mfanyakazi aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kibali cha yule wa kwanza, na nimeshapata pa kwenda. Barua naiandika usiku huu. Mshahara wao nimeukubali. Ninachotaka ni likizo ya msiba iandikwe ndani ya mkataba, na tiketi juu yao.